Moshi Huua Baada ya Moto Kuzimwa

Nyumba ikishika moto katika mitaa yetu, majirani hukimbilia ndoo za maji na mchanga. Wakiisha kumtoa mtu aliyekuwa ndani, jambo la kwanza wanalofanya ni kumkagua ngozi. Humtazama mikono, miguu na mgongo. Wasipoona malengelenge wala ngozi iliyobabuka hushusha pumzi na kusema, "Mungu mkubwa, huyu kapona." Atapewa kikombe cha maziwa, atatandikiwa mkeka kwa jirani, na watu watarudi kuokoa magodoro na masanduku.

Mtu huyo aliyelazwa mkekani ndiye ninayetaka tumzungumze juma hili. Ngozi yake ni nzima, anaongea na anajua jina lake. Lakini kama alikuwa amefungiwa ndani ya chumba kilichojaa moshi, hata kwa dakika chache tu, hali yake inaweza kuwa mbaya kuliko ya yule aliyeungua mkono mzima akiwa uani. Saa chache baadaye koo lake linaweza kuvimba na kuziba. Siku mbili au tatu baadaye mapafu yake yanaweza kushindwa kazi. Watu wataulizana kwa mshangao, "Alikufaje, na wala hakuungua?"

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuuliza, kusoma, na kuwaeleza wengine kwa lugha nyepesi. Na katika jambo hili nimeona kwamba maarifa yapo, tena ya miaka mingi, ila hayajafika kule mitaani ambako mgonjwa hutolewa motoni.

Tuanze na historia. Usiku wa tarehe 28 Novemba, 1942, ukumbi wa starehe uitwao Cocoanut Grove, katika mji wa Boston, Marekani, ulishika moto. Watu 492 walikufa. Madaktari wa hospitali za mji huo waliwapokea majeruhi kwa makundi, na wakakuta jambo lililowashangaza: baadhi ya wagonjwa walikuwa na majeraha madogo tu ya ngozi, lakini wakakata roho kwa kukosa pumzi. Katika maandishi waliyoyatoa mwaka uliofuata, madaktari hao walieleza kirefu habari za koo na mapafu yaliyodhuriwa. Tangu hapo elimu ya majeraha ya moto ikawa na sura mbili: kuungua kwa ngozi, na kuungua kwa njia ya hewa.

Miaka zaidi ya 70 baadaye somo lilirudiwa. Tarehe 27 Januari, 2013, ukumbi wa muziki uitwao Kiss, katika mji wa Santa Maria, nchini Brazil, uliwaka baada ya fataki iliyowashwa jukwaani kugusa sponji iliyobandikwa darini ili kuzuia sauti. Watu 242 walikufa, wengi wao kwa moshi wa sponji ile na si kwa ndimi za moto.

Sasa, moshi humfanya nini binadamu? Wataalamu hugawa madhara yake katika mafungu matatu, na ni vizuri kuyatenganisha, kwa sababu kila moja lina saa yake na tiba yake.

Fungu la kwanza ni joto. Hewa ya moto inapovutwa, hupita puani na mdomoni na kuunguza koromeo na zoloto, yaani sehemu ile inayotoa sauti. Mwili una kinga yake hapa. Koo hupoza hewa kavu kabla haijafika mbali, na zoloto hujifunga ghafla, kwa hiyo ni nadra joto lenyewe kufika mapafuni, isipokuwa mtu akivuta mvuke wa maji, ambao hubeba joto jingi kuliko hewa kavu. Lakini kinga hiyo ina gharama. Sehemu iliyopokea joto lile huvimba, kama vile mdomo unavyovimba ukiumwa na nyuki. Uvimbe huo hauji mara moja. Huongezeka polepole kwa saa kadhaa, na unaweza kuendelea kukua hadi siku ya pili. Ndiyo maana mgonjwa anayeongea saa mbili usiku anaweza kuwa hana njia ya kupitisha hewa kabla ya alfajiri.

Fungu la pili ni kemikali. Moshi si hewa nyeusi tu. Ndani yake mna masizi, asidi, na gesi kali zinazotokana na vitu vinavyoungua: plastiki, rangi, nguo za nailoni, mazulia, nyaya za umeme. Hizi hushuka mpaka kwenye vijia vidogo vya mapafu, zikababua utando wa ndani. Utando huo ukishababuka hutoa ute mwingi, nao ute ukichanganyika na masizi na chembe zilizokufa hufanya vizibo vigumu. Mapafu huanza kuziba sehemu hii na ile. Madhara haya huchelewa. Mgonjwa anaweza kupumua vizuri siku ya kwanza, akaanza kuhangaika siku ya pili au ya tatu. Picha ya eksirei ya kifua iliyopigwa siku ya kwanza mara nyingi huonekana safi, na usafi huo usimdanganye mtu.

Fungu la tatu ni sumu inayoingia katika damu. Hapa wako wauaji wawili. Wa kwanza ni hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hutokea mahali popote kitu kinapoungua pasipo hewa ya kutosha. Chembe nyekundu za damu zina kazi ya kubeba oksijeni, lakini zikikutana na kaboni monoksidi huing'ang'ania kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko zinavyoishika oksijeni. Ni sawa na daladala ambayo viti vyote vimekaliwa na watu wasioshuka: gari linakwenda, lakini abiria wa kituoni hapati nafasi. Damu inazunguka, moyo unapiga, na ubongo unakufa njaa ya oksijeni.

Habari hizi si ngeni. Mwaka 1896 mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, huko Wales, ulilipuka. Mtaalamu mmoja Mwingereza, John Scott Haldane, alikwenda kuchunguza miili ya wachimbaji, akagundua kwamba wengi wao hawakuuawa na mlipuko bali na hewa hii. Yeye ndiye aliyeshauri wachimbaji waende na wanyama au ndege wadogo chini ya ardhi. Ndege aina ya kanari hulegea mapema kuliko binadamu, na akianguka kutoka kitundu chake, wachimbaji wanajua ni wakati wa kukimbia. Uingereza iliendelea kuwatumia ndege hao migodini mpaka mwaka 1986.

Muuaji wa pili ni sianidi. Hii hutokea zinapoungua sponji, nailoni, sufi na baadhi ya plastiki. Sianidi huacha oksijeni ifike mwilini, kisha huzuia chembe za mwili zisiitumie. Nawaomba wasomaji wangu watupe jicho chumbani mwao. Godoro unalolalia ni la sponji. Kochi la sebuleni limejazwa sponji. Sumu iliyowaua vijana wa Santa Maria ilitoka katika jamii hiyo hiyo ya vitu. Ukumbi wa starehe hauhitajiki. Chumba kimoja cha kupanga, kitanda kimoja na mshumaa mmoja vinatosha.

Baada ya kujua hayo tuingie hospitalini, tuone daktari anavyompima mtu huyu. Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu, na hapa mawingu yapo, ila lazima uyatafute.

Dalili ya kwanza haiko mwilini mwa mgonjwa. Iko katika maelezo. Je, alikuwa mahali palipofungwa? Alikaa humo muda gani? Alizimia? Ni kitu gani kilikuwa kinaungua? Mtu aliyeungua akichoma takataka uwanjani ana hatari ndogo ya moshi. Mtu aliyekutwa amezimia chumbani ana hatari kubwa, hata kama shati lake halikuungua. Kwa sababu hiyo jirani aliyemtoa ndani ana habari ambazo hakuna mashine inayoweza kuzitoa. Aende naye hospitali, au aandike kwenye karatasi na kumpa anayekwenda.

Baada ya maelezo hufuata macho na masikio. Daktari hutazama kama uso umeungua, kama nyusi, kope na nywele za puani zimebabuka. Humwambia mgonjwa afungue mdomo atazame kama mna masizi. Humwambia akohoe aone kama makohozi yana weusi. Kisha humsikiliza. Sauti iliyokwaruza, sauti iliyobadilika tangu jana, mate yanayoshindikana kumezwa, na zaidi ya yote mlio mwembamba kama filimbi wakati wa kuvuta pumzi: hizo ni ishara kwamba mlango wa hewa unafungwa. Mlio ule ukisikika, hakuna wakati wa kusubiri. Kuchanganyikiwa, kichwa kuuma sana, kutapika, kulegea au degedege huelekeza kwenye sumu ya damu.

Hapa nataka kusema neno kuhusu kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, ambacho wengi wetu tulikizoea wakati wa ugonjwa wa Uviko-19 mwaka 2020 na 2021. Kifaa kile ni msaada mkubwa, lakini kwa mtu aliyevuta moshi kinaweza kudanganya. Hupima kwa mwanga jinsi damu ilivyo nyekundu. Damu iliyobeba kaboni monoksidi nayo ni nyekundu, tena nyekundu ya kupendeza. Kifaa cha kawaida hakiwezi kutofautisha, kwa hiyo kinaweza kuandika 98 au 99 huku mgonjwa anakufa kwa kukosa oksijeni. Kipimo cha kweli ni cha damu, katika mashine maalumu inayoweza kuhesabu kaboni monoksidi peke yake. Palipo na mashine hiyo, itumike. Pasipo nayo, mgonjwa atibiwe kwa kufuata maelezo na dalili zake, na tarakimu ya kidoleni isipewe nafasi ya kumnyima oksijeni.

Hospitali kubwa zina kifaa kingine, mrija mwembamba unaopindika wenye taa na kamera, unaopitishwa mpaka ndani ya njia za hewa. Kwa huo daktari huona masizi, wekundu na vidonda, na hupima ukubwa wa madhara kwa daraja kuanzia sifuri, ambapo hakuna kitu, hadi 4, ambapo utando umekufa. Lakini hospitali ya wilaya isiyo na mrija huo isikate tamaa. Sehemu kubwa ya kazi ya saa za kwanza hufanywa kwa macho, masikio na mtungi wa oksijeni.

Tiba ya kwanza basi ni oksijeni. Si kidogo kidogo, bali nyingi kadiri inavyowezekana, kwa barakoa yenye mfuko, lita 15 kwa dakika. Sababu yake iko katika hesabu. Mtu aliyejaa kaboni monoksidi akipumua hewa ya kawaida, huchukua saa 4 hadi 5 kuipunguza ibaki nusu. Akipewa oksijeni tupu, muda huo hushuka hadi kama saa moja au moja na nusu. Ukikumbuka kwamba kila dakika ubongo unaumia, utaona kwa nini daktari hasubiri majibu ya maabara. Oksijeni huanza mgonjwa anapofika, na huendelea kwa saa kadhaa mpaka sumu iishe. Mama mjamzito hupewa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu sumu hii hupita mpaka kwa mtoto aliye tumboni na kukawia huko kuliko inavyokawia kwa mama.

Tiba ya pili ni kulinda njia ya hewa. Mgonjwa huketishwa au kuinuliwa kichwa, kwa sababu kulala chali huongeza uvimbe. Akiwa na zile ishara nzito, yaani mlio wa filimbi, sauti inayopotea, kuvimba uso na shingo, au fahamu zinazopungua, daktari humtia mrija kooni kabla uvimbe haujaziba kabisa. Ndugu wengi huogopa wakiona mrija huo. Husema, "Alikuja anaongea, ninyi mmemnyamazisha." Nawaomba waelewe kwamba mrija ule ni ufunguo unaowekwa mlangoni kabla kitasa hakijavunjika. Baada ya saa chache huenda mahali pa kuupitisha pasionekane tena, na hapo hubaki kukata shingo ili kufungua tundu. Hata hivyo si kila aliyenusa moshi anahitaji mrija, kwani nao una hatari zake. Asiye na ishara nzito hukaa chini ya uangalizi wa karibu, akisikilizwa sauti na pumzi mara kwa mara, kwa muda wa siku nzima.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa sisi tunaosafirisha wagonjwa masafa marefu. Mgonjwa mwenye dalili za kuvimba koo anapotakiwa kuhamishwa kutoka wilayani kwenda hospitali ya rufaa, swali la njia ya hewa lijibiwe kabla injini haijawashwa. Akishafika katikati ya pori, dereva hawezi kumsaidia. Awemo garini mtu ajuaye kazi hiyo, na mtungi wa oksijeni uwe na ujazo wa kutosha kumaliza safari.

Kwa sianidi ipo dawa maalumu, jamii ya vitamini B12, iitwayo haidroksokobalamini. Mtu mzima huwekewa gramu 5 katika mshipa. Dawa hiyo huikamata sianidi na kuitoa kwa mkojo, ambao hugeuka mwekundu. Madaktari huifikiria mgonjwa akiwa ametolewa katika moshi wa chumba kilichofungwa, fahamu zimepotea, shinikizo la damu limeshuka, na damu yake imejaa asidi. Dawa hii ni ghali na haipatikani kila mahali, jambo linalofanya kinga ya godoro na mshumaa kuwa na maana zaidi.

Mgonjwa aliyeungua ngozi pia anahitaji maji ya mshipani. Kanuni inayotumika sana ni mililita 2 hadi 4, kwa kila kilo ya uzito, kwa kila asilimia ya ngozi iliyoungua. Mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 20 atahitaji kati ya lita 2.4 na lita 4.8 kwa saa 24, nusu yake katika saa 8 za kwanza, zikihesabiwa tangu alipoungua na si tangu alipofika hospitali. Aliyevuta moshi mara nyingi huhitaji zaidi ya hapo. Hata hivyo maji yakizidi kiasi hujaa katika mapafu yale yale yanayouma. Ndiyo maana wauguzi hupima mkojo kila saa na kurekebisha kasi ya dripu. Ukimwona muuguzi anasimama na chupa ya mkojo mkononi, ujue yuko katikati ya tiba.

Siku zinazofuata vita huhamia katika ute. Mgonjwa huvutishwa dawa ya mvuke inayofungua vijia vya hewa, na katika hospitali zenye uwezo huongezwa dawa za kulainisha vile vizibo na kuzuia visigande. Hupigwapigwa kifua, hukalishwa, huhimizwa kukohoa. Anayesaidiwa na mashine ya kupumulia husukumiwa hewa kidogo kidogo, ili mapafu yasipasuke. Dawa za kuua vijidudu hazitolewi ovyo kwa kutanguliza. Hungoja dalili za homa ya mapafu, kwa sababu zikitolewa mapema huzaa vijidudu sugu. Dawa za jamii ya steroidi nazo hazijaonekana kumfaa mgonjwa huyu kama tiba ya kawaida.

Pengine msomaji atauliza, je, moshi kweli huongeza hatari kiasi hicho? Mwaka 1961 daktari Mfaransa, Serge Baux, alitoa kanuni nyepesi ya kukadiria hatari ya mgonjwa wa moto: jumlisha umri wake na asilimia ya ngozi iliyoungua. Jumla ikipanda, hatari inapanda. Miaka mingi baadaye, watafiti walipoichunguza upya kwa kumbukumbu za wagonjwa wengi, waliona kanuni hiyo ina pengo, nalo ni moshi. Wakaongeza namba 17 kwa kila aliyeumia njia ya hewa. Maana yake, kijana wa miaka 30 aliyeungua asilimia 20 ana jumla ya 50. Akiwa amevuta moshi jumla huwa 67. Yaani usiku mmoja wa moshi humpa kijana huyo hatari ya mtu aliyemzidi umri kwa miaka 17.

Na anayepona asisahauliwe. Sumu ya kaboni monoksidi ina tabia ya kurudi kudai. Wapo wanaotoka hospitali wakiwa wazima, na baada ya siku kadhaa au wiki chache wakaanza kusahau, kubadilika tabia, kutembea kwa kuyumba au kuwa wazito wa kufikiri. Ndugu wasikimbilie kusema karogwa. Wamrudishe kwa daktari na wamweleze habari za moto ule. Wengine hubaki na sauti ya kukwaruza au koo lililobana kwa makovu, na hao pia wana matibabu.

Nirudi sasa kwetu mitaani, kwenye mambo ambayo hayahitaji mashine. Aliyetoka katika moshi atolewe kwenye hewa safi, aketishwe, watu wasimzonge. Asiyepumua asaidiwe kupumua na anayejua. Jeraha la ngozi lipozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Lisipakwe dawa ya meno, mafuta wala unga. Na yale maziwa tuliyoyazoea tuyaache. Maziwa huenda tumboni, moshi uko mapafuni, na mtu mwenye koo linalovimba au fahamu zinazopotea anaweza kupaliwa nayo akafa mikononi mwa aliyemhurumia. Kisha apelekwe hospitali hata akikataa, hata akisema, "Mimi mzima." Mdharau mwiba mguu huota tende.

Ukiwa wewe ndiwe uliye ndani, kumbuka moshi hupanda juu kwanza. Inama, tambaa, hewa nzuri iko chini karibu na sakafu. Usirudi ndani kwa ajili ya televisheni. Hapa Tanzania, Zimamoto wanapatikana kwa namba 114.

Yako pia mauti yasiyo na moto wa kuonekana. Msimu wa mvua na baridi kuna watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha na kuziba upenyo wa mlango kwa kanga, wapate joto au maharage yaendelee kuiva. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, na hapo ndipo hatari ilipo, maana kaboni monoksidi inatoka kimya kimya. Familia huanza kuumwa kichwa, hulegea, husinzia, na asubuhi mlango unavunjwa na majirani. Jiko la mkaa mahali pake ni nje. Ukimkuta mtu katika chumba cha namna hiyo, fungua mlango na madirisha, mtoe haraka nawe utoke. Usikae humo kumwamsha, usije mkawa wawili.

Mwisho nawageukia wenye dhamana. Juni 1994 wasichana wapatao 40 walikufa katika bweni la Shauritanga, Rombo. Machi 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, katika bweni ambalo mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Septemba 2024 wavulana 21 walikufa katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Bweni lililojaa magodoro ya sponji, lenye nondo madirishani na kufuli mlangoni, tumeliona sasa kwa miaka 30, na tunajua moshi wake una nini. Nondo huwekwa kuzuia mwizi, nami sina ugomvi na anayemwogopa mwizi. Lakini dirisha moja katika kila chumba cha kulala linaweza kufungwa nondo zinazofunguka kutoka ndani, na mlango wa pili unaweza kuachwa bila kufuli usiku. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwako anaweza kuifanya kazi hiyo kesho.

Na wewe mwenye nyumba unayesoma gazeti hili ukiwa kwenye basi, ufikapo nyumbani jioni tazama dirisha la chumba wanacholala watoto. Jiulize: umeme ukikatika, mshumaa ukaanguka juu ya godoro, na mlango ukawa ndio unaowaka, watoto wangu watapita wapi?